Leso Mlangoni, Sanamu Moyoni

Katika makanisa mengi ya Mombasa, kuanzia Mikindani mpaka Kisauni, mama mhudumu anayesimama mlangoni siku ya Jumapili huwa na leso begani. Msichana akiingia na sketi iliyoishia juu ya magoti hupewa ile leso ajifunge kiunoni, au hutandikiwa mapajani akishaketi, hasa akiwa safu ya mbele. Hufanywa kwa upole. "Mwanangu, jisitiri kidogo," mama humnong'oneza, na msichana huinamisha kichwa. Muda wote niliohudumu kama mzee wa kanisa, sijaona mwanamume amesimamishwa kwenye mlango uleule akaulizwa macho yake yalikesha wapi.

Sisemi leso iondolewe. Sitara ni jambo jema, na mji huu uliijua kabla misheni yoyote haijafika hapa. Nisemalo ni kwamba tumeigeuza tamaa kuwa habari ya mavazi ya wanawake, tukahubiri hivyo miaka nenda miaka rudi, na ugonjwa wenyewe tukauacha ukila watu ndani kwa ndani. Tamaa ni ibada. Ni moyo uliokwenda kupiga magoti pasipo na Mungu, na mtu anaweza kuwa katika ibada hiyo hata kanisa zima likiwa limejifunika gubigubi.

Macho hayana pazia, ndivyo wanaume tunavyojitetea. Ni kweli, aliyepita njiani ataonekana, na hakuna dhambi hapo. Lakini Yesu katika Mathayo 5:28 hakuwa akizungumzia kuona tu. Alisema, "Kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani, amekwisha kuzini naye moyoni mwake." Uzinzi huo aliuweka moyoni mwa mtazamaji, wala hakuuliza mwanamke alikuwa amevaa nini. Ayubu naye, akijitetea mbele ya rafiki zake, alisema, "Nilifanya agano na macho yangu." Hakusema alifanya agano na wasichana wa mtaani kwake wabadilishe mavazi. Majirani zetu Waislamu wanaisoma Sura ya An-Nur, na pale aya ya 30 inawaamuru kwanza wanaume wainamishe macho, ndipo aya ya 31 ikawageukia wanawake. Mpangilio huo ungetufaa na sisi.

Paulo alipowaandikia Wakolosai, sura ya 3, alitaja uasherati, uchafu na tamaa mbaya, akaishia na kutamani, kisha akasema hiyo ndiyo ibada ya sanamu. Wapo wanaosema hapo mwishoni alilenga uchoyo wa mali peke yake. Anayemtamani mtu naye anataka kummiliki, kwa hiyo sioni kama tumetofautiana sana. Linalonishika ni kwamba hakuiita udhaifu wa mwili, wala damu ya ujana. Aliiita ibada, na ibada ina dalili zake. Ina saa zake. Ina sadaka yake. Ina utii wake.

Nimekaa na vijana wa ushirika wetu, wengi wao wakifanya vibarua kwenye yadi za makontena Changamwe na Miritini, na wanapoaminiana wanasema. Hadithi zao zinafanana. Kijana anafika nyumbani saa tatu usiku, mgongo umekatika. Kusali hawezi, amechoka. Sura moja ya Biblia hawezi, macho yanafumba. Lakini akishajilaza anageukia ukutani, anapunguza mwanga wa simu, anavaa kisikio kimoja tu ili lile sikio la pili limsikilize ndugu yake wanayelala naye chumba kimoja kama amegeuka. Bando likiisha anakopa salio. Saa nane usiku bado yuko macho, na hakuna aliyemlazimisha. Asubuhi anadaiwa deni la salio kabla hajanywa chai. Huyu ametoa usingizi, ametoa pesa ambazo hana, ametoa mkesha. Mkesha wetu wa mwisho wa mwezi, wenye vyombo na kwaya na chai ya tangawizi, haukuweza kumpata.

Na si vijana peke yao. Wako wababa wenye familia ambao mshahara ukiingia kwenye simu, pesa ya kwanza kutoka ni ile inayokwenda kwa mwanamke aliyeko Mtwapa. Kodi ya nyumba itasubiri. Karo itasubiri. Fungu la kumi, tena tutaona mwezi ujao. Wenyewe kwa maneno yao wanaita mpango wa kando, lakini kitu kinachopewa malimbuko hakiko kando. Kiko katikati, na mke na watoto ndio walioko kando. Ujumbe wa M-Pesa unafutwa palepale, simu inawekwa kifudifudi juu ya meza, baba anaomba chakula kibarikiwe.

Ndiyo maana sikubaliani na wahubiri wanaoifanya tamaa kuwa ajali, kana kwamba mtu alikuwa akienda zake akajikwaa kwenye goti la msichana. Inapangwa. Inatengewa fedha. Inalindwa kwa uongo uliotungwa vizuri.

Tazama tunavyoisoma habari ya Daudi. Mahubiri mengi niliyosikia juu ya 2 Samweli 11, kanisani na kwenye mikutano ya nje, huanza na swali moja: yule mwanamke alikuwa anaoga wapi? Fungua sura yenyewe. Biblia haimshitaki Bath-sheba hata kwa nusu sentensi. Inaanza kwa kusema ulikuwa wakati ambao wafalme hutoka kwenda vitani, na Daudi alikaa Yerusalemu. Jioni akainuka kitandani, akatembea juu ya dari, akaona. Akauliza ni nani, na jibu alilopewa lilitosha kumsimamisha: huyu si Bath-sheba, binti Eliamu, mkewe Uria Mhiti? Watu hao hawakuwa wageni kwake. Uria ametajwa katika sura ya 23 ya kitabu hichohicho miongoni mwa mashujaa wa mfalme, na humohumo yumo Eliamu mwana wa Ahithofeli, na Ahithofeli alikuwa mshauri wa Daudi. Mtumishi alimtajia mtu mwenye baba, mwenye mume, mwenye ukoo uliomtumikia na kumwaga damu kwa ajili yake. Daudi akatuma watu wamlete. Baadaye Absalomu alipoasi, Ahithofeli alikwenda upande wa Absalomu. Biblia haisemi sababu, lakini mimi nikisoma sura hizo kwa mfululizo naona mzee mwenye uchungu wa mjukuu wake.

Nathani alipokuja ikulu hakuleta neno lolote juu ya maji ya kuoga. Alileta kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, na Daudi alipowaka hasira akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kidole kilikwenda kwa mtazamaji.

Sura ya 13 ndiyo inayoniumiza zaidi, na sijui kwa nini haihubiriwi. Amnoni, mwana wa Daudi, alimpenda Tamari dada yake wa baba mmoja mpaka akaugua. Naam, andiko linasema alimpenda. Akajifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje ampikie mikate mbele ya macho yake. Tamari akaja. Akatwaa unga, akaukanda, akaiandaa mikate na kuioka huku Amnoni amelala anamtazama. Kisha akatoa watu wote nje, akamshika. Tamari alizungumza. Alimsihi asimtie aibu, akamwonyesha aibu hiyo itakavyomwangukia yeye na Amnoni mwenyewe, akampa hata njia: sema na mfalme. Amnoni hakukubali kuisikiliza sauti yake. Akamtenda jeuri, na mara baada ya hapo akamchukia, chuki kubwa kuliko yale mapenzi aliyompenda, akamwamuru mtumishi amtoe nje na kufunga mlango.

Hapo ndipo tamaa imejianika yenyewe. Kama Amnoni angalikuwa anamtaka Tamari, asingemchukia alipompata. Hakumtaka Tamari. Tamari alikuwa na sauti, na hoja, na heshima ya kulinda. Hivyo vyote vilimsumbua. Alitaka kitu alichojichorea kitandani mwake, na kilipokosa kumshibisha, akamlaumu binti wa watu kwa njaa yake. Maji ya bahari hayakati kiu, na anayeyanywa huongeza. Wala mavazi hayakumwokoa Tamari. Siku hiyo alikuwa amevaa lile vazi ambalo binti za mfalme walio mabikira walivaa, vazi la heshima kuliko yote katika nyumba ile, na ndilo alilolirarua akitoka huku amejitia majivu kichwani. Ningependa kila mhudumu mwenye leso begani aisome sura hiyo kabla ya Jumapili ijayo.

Sisi watu wa Pwani tuna namna nyingine ya kukwepa, nayo ni kumsingizia mgeni. Tamaa, tunasema, ililetwa na watalii, na mahoteli, na ufuo. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya biashara ya ngono inayowatumia watoto katika pwani yetu, ikakadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 kuwa wameingizwa humo kuanzia Malindi na Kilifi hadi Mombasa na Kwale. Tuliposikia habari hiyo tulielekeza macho kwa Wazungu. Lakini ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba zaidi ya thuluthi ya wateja walikuwa Wakenya wenyewe. Wanaume wetu. Wenye kuabudu katika misikiti yetu na makanisa yetu, wenye mabinti wa umri uleule nyumbani. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Ngono mwaka huohuo, na ilikuwa lazima ipite. Mimi nauliza yale ambayo sheria haifiki: huyo baba alitoka ibada gani alipofika pale?

Jina la Agustino, mtakatifu na mwalimu wa kanisa la kale, si geni katika kisiwa hiki. Watawa wa shirika lake waliishi hapa zama za Wareno, na waliuawa mwaka 1631 sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa kwa jina la Jerónimo, alipoasi. Agustino mwenyewe alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Aliandika waziwazi juu ya tamaa za ujana wake, jinsi alivyomwomba Mungu ampe usafi ila usije upesi, na jinsi moyo wake ulivyotangatanga ukitafuta katika viumbe kile ambacho Muumba peke yake anacho. Aliishi miaka mingi na mwanamke mmoja, wakazaa mtoto wa kiume, Adeodatus, kisha akamwacha ili apate ndoa yenye manufaa. Aliandika kwamba moyo wake ulivuja damu kwa kutenganishwa naye. Jina la mwanamke huyo hakuliandika popote. Wapo wanaosema alimsitiri, na huenda ni hivyo. Namheshimu Agustino kuliko waalimu wengi wa imani, na bado napata uzito nikifikiri kwamba jina la mtoto tunalijua, jina la nyanya ya mtoto, Monika mamake Agustino, tunalijua, na la mama yule halipo.

Ibada iliyopotea njia haiishii kitandani. Moyo ulioumbwa kuabudu ukikosa Mungu huabudu chochote kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni mtu mwenye kipaza sauti. Pwani hii tumelipa gharama ya hilo. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwemo, wengi wakiwa wamekufa kwa kujinyima chakula wakiamini ndiyo njia ya kumwona Yesu. Walikuwa watu wa maombi. Sina la kuwalaumu marehemu. Najiuliza tu juu ya makanisa yetu ya kawaida, yasiyo na msitu, ambamo neno la mchungaji halihojiwi na kumpinga kunaitwa uasi.

Nayataja haya mawili, tamaa na mamlaka isiyohojiwa, pamoja kwa sababu Biblia imeyaweka pamoja. Katika 1 Samweli 2, Hofni na Finehasi, makuhani wana wa Eli, walianza kwa kunyang'anya nyama ya sadaka kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana. Waliendelea mpaka wakalala na wanawake waliokuwa wakihudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Mlangoni. Wanawake wale walikuwa wamekuja kumtumikia Mungu, na watu waliosimama mahali pa Mungu wakawachukua. Eli alisikia, akakemea kwa maneno, akawaacha kazini. Binti wa kwaya anayeitwa ofisini kwa maombi ya peke yake, akifunzwa tangu utoto kwamba mtumishi wa Mungu hakataliwi, yuko mlango uleule. Na wazee wanaosikia habari hizo wakasema "tusimwaibishe mtiwa mafuta" ni Eli.

Injili imetupa mfano wa macho yaliyo safi. Ni Luka 7, nyumbani kwa Simoni Farisayo. Mwanamke ambaye mji mzima ulimjua kwa dhambi zake aliingia karamuni, akasimama nyuma ya Yesu akilia, akamlowesha miguu kwa machozi, akaipangusa kwa nywele zake, akaibusu, akaipaka marhamu. Fikiria wanaume waliokuwa mezani. Simoni alimwona, akawaza moyoni mwake kwamba Yesu angekuwa nabii angemjua mwanamke wa namna gani huyu. Wengine, ninavyowajua wanaume, waliwaza mengine. Yesu akamgeukia mwanamke, akamwuliza Simoni, "Wamwona mwanamke huyu?"

Simoni alikuwa amemkodolea macho muda wote. Hata hivyo Yesu akamhesabia moja moja yale ambayo hakuyaona: maji ya miguu ambayo yeye mwenyeji hakuyatoa, busu ambalo hakulitoa, mafuta ambayo hakuyatoa, na mwanamke aliyeyatoa yote. Mwenye tamaa na mwenye dharau wako safu moja hapo. Wote wawili wamemwangalia mwanamke wasimwone. Yesu hakuyageuza macho yake pembeni ili awe salama, wala hakumtandikia kitambaa. Alimtazama akaona upendo wake, machozi yake, historia yake, akamsamehe na kumwambia aende kwa amani. Mkristo anayetaka kuponywa tamaa ataanza hapo: kumwomba Kristo amfundishe kuona. Binti anayepanda feri ya Likoni alfajiri na sare ya kazi ana mama anayemsubiri jioni, ana karo ya mdogo wake, ana hofu zake na maombi yake. Kumtamani kunadai uyasahau hayo yote. Kumwombea kunadai uyakumbuke, na sijui mtu anayeweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja.

Wanawake wasomao haya wasidhani nimewasahau. Nao wana macho, na nao huabudu: mume, mtoto, sura ya ndoa iliyokufa zamani, mwanamume wa simu asiyejulikana anapoishi. Wenye kuyasema vizuri zaidi yangu ni kina mama wenyewe, nami nawaachia.

Kwa upande wa kanisa, liko jambo moja ambalo halitaki mjadala mrefu. Paulo alisema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Sisi tumefanya kuoa kuwa mlima. Kijana mwenye miaka 30 na mchumba wake wako tayari, lakini kuna mahari, kuna kamati ya harusi, kuna sare za wasimamizi, kuna ukumbi, kuna keki. Wanakata tamaa, wanahamia chumba kimoja mtaani Bangladeshi au Likoni, wanaanza njoo tukae, na sisi tunawanyima meza ya Bwana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haidai keki. Inadai ridhaa, umri, ilani, mashahidi na cheti. Parokia na shirika lolote linaweza kutenga Jumapili moja kila baada ya miezi mitatu, watu wakafungishwa ndoa baada ya ibada, wazazi wakapewa heshima yao, mkate na chai vikaliwa uani, wakaenda zao wakiwa mume na mke.

Lakini wasiambiwe kwamba ndoa itamaliza tamaa, kwa sababu si kweli. Daudi alikuwa na wake kadhaa jioni ile alipopanda darini. Sulemani mwanawe alifika wake 700 na masuria 300, na 1 Wafalme 11 inasema wakageuza moyo wake akafuata miungu mingine. Mwisho wa njia yake ulikuwa madhabahu ya Kemoshi na Moleki juu ya mlima unaoelekea Yerusalemu. Ushirika wa wanaume unaokutana kupanga michango ya mazishi na rangi ya fulana za kongamano unaweza kuweka saa moja ya kuulizana, wawili wawili, mlango umefungwa: usiku wako unakwenda wapi, na pesa yako ya kwanza mwezi huu ilikwenda kwa nani? Aulizwe kijana anayejiandaa kuoa, na aulizwe mzee aliyeoa miaka 30 iliyopita, na mchungaji naye awe na wa kumwuliza.